“Bwana afya, mimi takataka zangu nachoma zote”

Wenye nyumba huniambia hivyo kwa fahari, uwanja umefagiwa safi na pembeni shimo linafuka moshi mweusi. Wanaamini kwamba moto ukishakula taka, ugonjwa nao umekwisha.

Moto unaua vijidudu, sikatai. Lakini taka za siku hizi si majani ya mwembe. Humo mna chupa za maji, pampasi, waya, vipande vya bomba la PVC, ile plastiki ngumu. Ulaya, tanuri la kuchomea taka linatakiwa kisheria lifikishe nyuzi 850 za Selsiasi. Shimo lako la uani halina joto hilo la kudumu. PVC ikiungua nusunusu hutoa gesi ya asidi inayowasha koo, na dioksini, sumu inayosababisha saratani. Tena haipotei na upepo. Inatua kwenye udongo, kuku wa kienyeji anaudonoa, sumu inakaa kwenye mafuta yake na kwenye kiini cha yai. Yai hilohilo mama anamchemshia mtoto, eti la kienyeji halina kemikali! Masizi membamba nayo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na mwenye pumu nyumba ya tatu halali usiku.

Majivu ya kuni yatie bustanini, sawa. Ya waya na mbao zenye rangi yanaweza kuwa na madini ya risasi. Yasikaribie mchicha wako. Na jamani, kuwashia jiko la mkaa kwa nailoni, huku umeliinamia na mtoto mgongoni! Tafuta vibanzi vya kuni.

Wengine huniambia, “Makopo yanaleta malaria.” Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi. Anayezaliana kwenye makopo, tairi na vifuu ni Aedes, aliyeeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Huyu huuma mchana, wewe na neti yako mnangoja usiku. Mwaga maji, kisha sugua chombo, maana mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi.

Wapo pia wanaosema, “Kuchakata taka ni salama siku zote.” Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri ya gari usiivunje nyumbani, hata kama fundi anakusifia bei.

Ninachowaambia wote ni ndoo mbili. Sehemu kubwa ya taka za jikoni kwetu ni maganda na makombo, na hayo ndiyo yanayonuka, yanayoita nzi na kumfanya mtu akimbilie kiberiti. Maganda mpe mbuzi au yafukie yawe mboji; ndoo ya pili weka chupa na makopo makavu, wanunuzi wa chakavu watapita. Pampasi zifunge, zingoje gari la taka. Mkiniambia hamna nafasi siwaelewi, shimo la moto mlilipatia wapi?