Acheni Kusema "Hawana Ujuzi"

Nimeulizwa tena, safari hii na mfadhili: kwa nini sisi tunaowatafutia watu kazi tusiwape mafunzo zaidi kabla ya kuwapeleka kwa waajiri? Swali hili nimelichoka. Linachukulia kwamba mtu mwenye ulemavu, aliyetoka gerezani au mama anayelea watoto peke yake hana kazi kwa sababu ana upungufu, na kwamba dawa ya upungufu huo iko darasani.

Juzi limefika mezani pangu tangazo la kazi ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Sharti mojawapo ni leseni ya udereva, ingawa kazi yenyewe ni ya kukaa ofisini kutwa. Jingine linamtaka mwombaji apige simu kuthibitisha kwamba atafika kwenye usaili. Asiyeona ameenguliwa na la kwanza, kiziwi na la pili, na hakuna aliyepimwa kasi wala usahihi wa kuchapa. Mrundikieni kiziwi huyo vyeti mtakavyo; simu ile bado hataipiga. Mwajiri hakuwa na nia mbaya. Alinakili tangazo la zamani, na tulipomweleza aliyafuta masharti yote mawili palepale.

Ushahidi upo. Mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti walioufanya Boston na Chicago: kati ya wasifu zenye sifa sawa, zile zenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu zilipata miito ya usaili takriban asilimia 50 zaidi ya zenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi. Hapo ujuzi umekosekana wapi? Tena kuna utaratibu ulioendelezwa Marekani na Robert Drake na Deborah Becker, wa kumtafutia mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa akili kazi ya kawaida kwanza, kisha kumsaidia akiwa kazini. Mapitio ya majaribio 11 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha asilimia 61 ya waliosaidiwa hivyo walipata kazi, dhidi ya asilimia 23 ya waliopewa huduma nyingine. Mafunzo yalikuwepo, ila yalimfuata mtu kazini.

Kinachonikera zaidi ni namna tunavyohesabu mafanikio. Mkataba ukisainiwa tunaandika "ameajiriwa" na faili linafungwa. Mama yule anayelea watoto peke yake anapokea ratiba ya zamu kwa ujumbe wa simu usiku, kesho yake aingie alfajiri. Nani atakaa na mtoto? Anakosa zamu mbili, msimamizi anaandika "hana nidhamu", na mwezi unaofuata amerudi kwetu, nasi tunampeleka kwenye semina ya nidhamu kazini! Kazi aliimudu. Ratiba ndiyo iliyomshinda, na ingemshinda yeyote mwenye mtoto mchanga. Jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka waajiri wakubwa wa maduka, hoteli na migahawa watoe ratiba mapema. Hiyo ni sera ya ujumuishaji, yaani ya kuwapa nafasi kazini wanaoachwa nje, hata kama haimtaji mama wala mtu mwenye ulemavu. Ujira unaolipwa kwa wakati, choo kinachofikika, msimamizi anayejua kutoa maelekezo kwa maandishi: hayo ndiyo yanayombakiza mtu kazini hadi mwezi wa sita tangu aajiriwe.

Sisemi kila kizuizi kikiondolewa mambo hunyooka. Marekani, baadhi ya majimbo yalikataza fomu za maombi kuuliza rekodi ya jinai. Amanda Agan na Sonja Starr walipopima New Jersey na New York, waligundua pengo la miito kati ya waombaji weupe na weusi limepanuka: waajiri walianza kubahatisha nani ana rekodi kwa kigezo cha rangi.

Na kuna shaka moja inayonisumbua zaidi. Nchini Ufaransa, utafiti wa Bruno Crépon na wenzake wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vijana waliosaidiwa kutafuta kazi walipata nafasi kwa kiasi fulani kwa hasara ya wenzao wasiosaidiwa. Nafasi zikiwa chache, huenda baadhi ya majina ninayoyaandika kwenye ripoti yamewasogeza nyuma watu wengine wa foleni ileile, ambao hawajawahi kuingia ofisini kwangu. Ripoti zetu hazina safu ya kuwahesabu, na nadhani zinapaswa kuwa nayo.