Ugali wa brauni pia ni wanga

Wiki hii tena nimeambiwa na mzee mwenye kisukari, "Lakini mimi hunywa uji wa wimbi pekee," na mashine ya kupima sukari ya damu imesoma 15 (mmol/L). Mzee wa watu amekunywa kile kikombe kikubwa cha nusu lita asubuhi na anashangaa kabisa, maana kila mtu kuanzia jirani mpaka muuza unga amemhakikishia wimbi haipandishi sukari.

Jamani, wimbi ni nafaka. Gramu 100 za unga wake zina wanga karibu gramu 72, na unga wa mahindi uko hapo hapo. Wimbi inaushinda kwa faiba (nyuzinyuzi) na kalisiamu, sikatai, na hata mimi huwaambia watu waile. Lakini hiyo faiba itakusaidia kiasi gani inategemea punje imefanywa nini kabla ifike mdomoni, na hapa ndio watu hawataki kunisikiliza. Ukiisaga mpaka iwe vumbi umeshaifanyia tumbo nusu ya kazi, halafu ukiichemsha na maji mengi wanga unavimba unalainika, na kwa vile ni ya kunywa haingojei kutafunwa, inateremka tu na sukari inapanda mbio. Mtu huyo huyo akila githeri, mahindi mazima na maharagwe, sukari inapanda polepole, na hayo ni mahindi meupe yale yale anayoyaogopa kwa ugali! Kwa hivyo usiniambie rangi. Niambie unga ulisagwa laini kiasi gani, ulikula kiasi gani, na kando kulikuwa na nini.

Na asubuhi ndio mbaya zaidi. Alfajiri homoni ya kotisoli inapanda, ini linamwaga glukosi (sukari) kwa damu, insulini ya kuishusha inafanya kazi kwa shida, na hapo ndio unaongezea uji.

Kama lazima unywe, chukua kikombe kidogo, uliochachushwa ni afadhali kwa sababu ile asidi inachelewesha chakula kutoka tumboni, na ule na yai au ndengu. Asali hapana, hiyo ni sukari karibu asilimia 80. Ugali wa rangi yoyote, kipande kama ngumi yako, sukuma nusu sahani, omena au maharagwe kando. Nduma, ngwaci, chapati brauni, pia zote kwa kipimo.

Sasa zile chati za vyakula za ukutani hazisemi hivi: namba za kuonyesha vyakula vyetu vinapandisha sukari kwa kasi gani hazikubaliani. Kuna waliopima ugali wakauweka katikati, wengine wakauweka juu kabisa, na sishangai, maana unga, maji na moto havikuwa sawa. Halafu utapata watu wawili, ngwaci ile ile, dawa ile ile, mmoja anafika 8 mwingine 13, na sina maelezo kamili ya kuwapa. Stripi za kuweka kwa mashine ni ghali, najua, kwa hivyo usipime ovyo: chagua mlo mmoja, pima kabla ya kula, pima tena masaa mawili tangu uanze kula, andika. Kwa wengi tunataka isipite 10.

Na kama unadunga insulini au unameza glibenclamide, tembe ya kushusha sukari, usipunguze ugali kimyakimya bila kumwambia daktari, dozi iliwekwa kulingana na ulivyokuwa unakula. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, na mashine isome chini ya 4, chukua nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwa maji, saa hiyo hiyo, upime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini urudie.