Waya wa redio hauiti radi

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: jirani akitandaza waya wa redio uani, anaita radi mtaa mzima. Si kweli, na tafadhali usiusambaze. Radi mara nyingi hupiga kilichochomoza juu: mnazi, mnara, paa lenyewe. Waya mwembamba wa mita 20 hivi, urefu wa kawaida wa antena ya redio ya ridhaa (ya wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, si kwa biashara) kwa bendi ya mita 40, yaani mawimbi yenye urefu wa mita 40 hivi, ukipita chini ya upenu hauongezi hatari ya maana. Kamba ya kuanikia nguo ya waya mbona hailaumiwi?

Kinachochanganya watu ni mkwaruzo. Wingu likikaribia redio hukoroma, wakadhani waya unachokoza radi. Kumbe radi yenyewe hurusha mawimbi ya redio. Jaribu na redio ndogo ya betri, mawimbi ya kati (AM), bila waya wowote wa nje: kila mwako wa radi, hata wa mbali, nayo itakwaruza.

Tahadhari bado ipo. Radi ikipiga karibu, msukumo wa umeme huweza kupita kwenye waya ukaunguza redio au kumdhuru aliyeishika. Chomoa antena mapema, mvua ikiwa bado mbali, na usiipitishe karibu na nyaya za umeme.