Kwa nini wasichana wa Marekani ya kale walidarizi alfabeti?

Kwenye makumbusho yenye vitu vya Marekani ilipokuwa koloni la Uingereza, hukosi kuona kitambaa kidogo cha kitani ndani ya fremu. Kimedariziwa alfabeti, tarakimu, na jina la msichana aliyekishona, mara nyingi pamoja na umri wake. Wengi hukichukulia kama pambo la ukutani, kumbe binti alikuwa akijifunza kazi.

Jibu liko kabatini. Ili kupata shuka moja la kitani, mmea ulipandwa, ukaloweshwa, ukapondwa, nyuzi zikasokotwa, ndipo kitambaa kikafumwa. Mashuka na mashati yalikuwa mali, yakiandikwa hata kwenye orodha za mirathi. Kufua nako kulikuwa kuchota maji, kuchanja kuni na kuchemsha, kwa hiyo nguo zilirundikana wiki kadhaa zikisubiri siku yake. Kila kipande kikatiwa alama kwa uzi: herufi za mwenyewe na namba. Herufi zilizuia kisipotee. Namba zilimwonyesha mama zamu ya shuka lipi imefika, ili yote yachakae sawasawa. Aliyesoma bweni na kushonewa namba kwenye sare ananielewa.

Basi mtoto alianza na kufuma soksi, kisha akahamia kwenye herufi. Wasichana wengi walifundishwa kusoma bila kufundishwa kuandika, na hilo linaniuma kila nikitazama vitambaa hivi, kwa sababu sindano ndiyo iliyowapa nafasi ya kuacha majina yao. Loara Standish, wa koloni la Plymouth, alidarizi lake pamoja na sala, yapata mwaka 1653, na kitambaa chake kipo hadi leo. Kwenye vitambaa vingi vya zamani utakuta J na U hazipo. Mtoto hakukosea: I ilitumika pia kama J, na V kama U.

Mtindo huo wa kutia alama ulifika hadi vitani, Marekani ilipopigania uhuru wake kutoka kwa Uingereza. Mwaka 1780, wanawake wa Philadelphia wakiongozwa na Esther Reed walipita nyumba kwa nyumba, wakachanga zaidi ya dola 300,000 za noti za wakati huo, ambazo thamani yake ilikuwa imeporomoka. Walitaka kila askari apewe fedha mkononi. Jenerali Washington, kamanda wa jeshi lao, akasisitiza mashati. Reed alifariki Septemba, na Sarah Bache, binti wa Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, akaendeleza kazi. Yalishonwa mashati zaidi ya 2,000, na kila moja lilikuwa na jina la mwanamke aliyelishona.