Umri wa Wimbo: Mkoba wa The Corries

Tarehe 17 Machi 1990, katika uwanja wa Murrayfield mjini Edinburgh, Waskoti walikuwa wanacheza raga na Waingereza. Timu zote mbili hazikuwa zimepoteza mchezo hata mmoja katika michuano ya mwaka ule, kwa hiyo mshindi angeondoka na kila kitu. Kabla ya mpira kuanza, umati uliimba Flower of Scotland, yaani Ua la Uskoti, wimbo unaowakumbuka mashujaa waliosimama mbele ya jeshi la Mfalme Edward wa Pili wa Uingereza wakamrudisha kwao akiwa ametafakari upya. Vita inayotajwa ni ya Bannockburn, Juni 1314. Waskoti walishinda mchezo ule 13 kwa 7.

Katika mihadhara yetu ya wazi huwa nawapigia wasikilizaji rekodi ya wimbo huo, kisha nawauliza una umri gani. Wengi husema miaka 700. Wenye tahadhari hushuka hadi 300. Wimbo ulitungwa katikati ya miaka ya 1960 na Roy Williamson, nusu ya kundi la watu wawili lililoitwa The Corries. Ukumbini huwa hawakosekani wazee wawili watatu waliozaliwa kabla yake, na ndio wanaocheka kwa sauti zaidi.

Nimechagua kueleza mkoba wa nyimbo wa kundi hili kwa sababu unafaa sana kufundishia jambo moja ambalo watu hulichanganya kila siku: umri wa kisa kinachoimbwa si umri wa wimbo. Na wimbo wenyewe hauna umri mmoja. Kuna umri wa maneno, kuna umri wa mahadhi, na kuna siku maneno na mahadhi hayo yalipokutanishwa. Mara nyingi hivyo vitatu vimeachana kwa karne nzima au zaidi.

Kwanza waimbaji wenyewe. Roy Williamson na Ronnie Browne walisoma chuo cha sanaa mjini Edinburgh. Mwaka 1962 walianza kuimba pamoja na Bill Smith kwa jina la Corrie Folk Trio, kisha akaongezeka Paddie Bell, mwimbaji kutoka Belfast. Ilipofika 1966 walikuwa wamebaki wawili tu, Roy na Ronnie, na wakabaki hivyo mpaka 1990. Jina lao linatokana na neno la Kigaeli, coire, lenye maana ya chungu au sufuria kubwa. Kwa Waskoti ni pia jina la bonde la mviringo lililochimbwa na barafu ubavuni mwa mlima.

Ronnie alikuwa na sauti nzito ya kuongoza, akipiga gitaa na bodhrán, ngoma bapa ya Kiayalandi ambayo mtu wa pwani akiiona ataiita dufu bila kusita. Roy alikuwa fundi wa kila chombo: bandurria ya Kihispania, mandolini, kinanda cha mdomo, zumari ndogo za Northumbria. Kubeba vyombo vyote hivyo kutoka mji hadi mji ni tabu, na mwaka 1969 Roy aliunda kwa mikono yake vyombo viwili alivyoviita combolin. Kimoja kiliunganisha mandolini na gitaa, kingine gitaa na bandurria, na juu ya hizo akatia nyuzi za ziada. Baadhi ya nyuzi hizo hazipigwi kabisa. Zinatetemeka zenyewe nyuzi za jirani zinapoguswa, na kuacha mwangwi mrefu nyuma ya sauti ya mwimbaji. Zilisikika katika santuri yao ya 1970, Strings and Things.

Nimelisimamia hilo kidogo kwa sababu chombo huamua nyimbo. Watu wawili wenye gitaa peke yake hupata shida kubeba kisa cha beti kumi na tano bila msikilizaji kuanza kutazama saa. Ukiwa na mwangwi usiokatika, unaokaribia ule mlio wa chini wa zumari ya mfuko, unaweza kuimba polepole na kuyaacha maneno yafanye kazi. Ndivyo walivyoweza kubeba visa kama The Dowie Dens o' Yarrow, ambamo kijana mmoja anavamiwa na wanaume tisa kando ya mto Yarrow, kusini mwa Uskoti, kwa ajili ya mwanamke. Nyimbo za visa za namna hii ndizo alizozikusanya Francis James Child, profesa wa Harvard, na kuzichapisha kati ya 1882 na 1898. Alizipa namba, 305 kwa jumla, na hadi leo wataalamu wakikutana huzitaja kwa namba kama wafungwa.

Sasa tufungue mkoba. Sehemu kubwa kuliko zote ni nyimbo za vita, na ndani yake kundi moja linatawala: nyimbo za Wajakobiti. Hawa walikuwa wafuasi wa Mfalme James wa Saba na uzao wake, ukoo wa Stuart, uliopoteza kiti mwaka 1688. Jina lao linatokana na Jacobus, James kwa Kilatini. Kwa karibu miaka sitini waliinuka na kuanguka, kisha wakainuka tena, na karibu kila vita ina wimbo wake. Killiecrankie ni ya 1689. Sherramuir ni ya 1715, na maneno yake yalitengenezwa na Robert Burns, mshairi aliyezaliwa 1759, miaka arobaini na minne baada ya mapanga kurudishwa alani. Bonnie Dundee inamsifu jemadari aliyekufa palepale Killiecrankie, lakini maneno yake ni ya mwandishi Walter Scott, ya mwaka 1825. The Massacre of Glencoe inalia juu ya mauaji ya Februari 1692, askari waliopokelewa kama wageni walipowageuka wenyeji wao usiku. Aliyeutunga ni Jim McLean, katika miaka ya 1960, kipindi kilekile cha Ua la Uskoti. Mtu akisikiliza nyimbo hizi nne mfululizo anadhani anasikia mashahidi wanne. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo.

Johnnie Cope ni tofauti, na kwangu ndio wa kufurahisha zaidi, kwa sababu huu kweli ulitungwa na mtu wa wakati ule. Tarehe 21 Septemba 1745, alfajiri, jeshi la Mwanamfalme Charles Stuart, mjukuu wa James, lililishambulia jeshi la serikali huko Prestonpans, mashariki ya Edinburgh. Chini ya nusu saa mambo yalikuwa yamekwisha, na Jenerali John Cope, kamanda wa jeshi la serikali, akaishia mji wa mpakani wa Berwick. Adam Skirving, mkulima wa eneo hilohilo, alimtungia wimbo wa kejeli: Cope anaandika barua ya kujigamba, anapingwa, kisha anakimbia kabla jua halijachomoza vizuri.

Lakini shahidi wa karibu si lazima awe mkweli. Barua ile ya majigambo ni ya kubuni. Baraza la maofisa lililochunguza mwenendo wa Cope lilimsafisha mwaka 1746. Halikusaidia kitu. Taarifa ya baraza imelala kwenye makabati, na kibwagizo cha Skirving kingali kinapigwa na wapiga zumari wa vikosi vya Kiskoti kuwaamsha askari asubuhi. Husimuliwa pia kwamba ofisa mmoja aliyedhihakiwa katika wimbo mwingine wa Skirving kuhusu vita hiyohiyo alimtumia mjumbe kumwita kwenye pambano la watu wawili. Skirving, aliyekuwa shambani, akajibu kwamba yeye hana nafasi ya kwenda huko. Ofisa na aje yeye Skirving amtazame; Skirving akiona anamuweza atapigana naye, na akiona hamuwezi, basi naye atafanya kama alivyofanya ofisa: atatimua mbio.

Vita vya mwisho vilikuwa Culloden, 16 Aprili 1746, Wajakobiti waliposhindwa kabisa. Charles akajificha visiwani, na mwezi Juni Flora MacDonald akamvusha kwa mashua hadi kisiwa cha Skye akiwa amevalishwa kama mtumishi wa kike. The Skye Boat Song ndio unaosimulia safari hiyo, na karibu kila Mskoti anaujua. Mahadhi yake yanasikika kama makasia yanavyoingia na kutoka majini, na kumbe ndivyo yalivyopatikana. Katika miaka ya 1870 Anne Campbell MacLeod alikuwa anavushwa kwa mashua kwenye ziwa Coruisk, hukohuko Skye, akawasikia wapiga makasia wakiimba wimbo wa Kigaeli, akayahifadhi mahadhi. Maneno ya Charles na Flora yaliandikwa na Harold Boulton, Mwingereza, na kuchapishwa mwaka 1884. Wimbo wa Kigaeli waliouimba wapiga makasia wale ulikuwa na maneno mengine kabisa. Kwa hiyo huzuni hii ya kushindwa kwa Wajakobiti iliandikwa na Mwingereza, miaka 138 baada ya tukio, juu ya mahadhi ya watu waliokuwa kazini.

Wapo wanaokasirika nikisema hivyo, wakaniona navunja heshima ya wimbo. Mimi naona kinyume. Wimbo wa Boulton umedumu kwa sababu wapiga makasia wale walikuwa na mahadhi mazuri, na mahadhi mazuri hayakosi mpangaji.

Mfano wa ajabu kuliko wote ni The Twa Corbies, yaani Kunguru Wawili. Kunguru wanaulizana leo watakula wapi. Mmoja anasema nyuma ya ukuta wa udongo amelala bwana mmoja aliyeuawa karibuni, na hakuna ajuaye alipo isipokuwa mwewe wake, mbwa wake na mke wake. Mwewe ameenda kuwinda, mbwa ameenda porini, mke ameshapata mume mwingine. Chakula kipo, na hakuna atakayewasumbua. Walter Scott aliuchapisha mwaka 1803. Mahadhi yanayotumika leo, yale mazito yanayotembea kama watu walio nyuma ya jeneza, si ya Uskoti hata kidogo. Ni ya Wabretoni wa kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, yakaunganishwa na maneno haya katikati ya karne ya 20 na mshairi Morris Blythman. Leo ukiyaimba maneno hayo kwa mahadhi mengine utaulizwa umeyatoa wapi.

Vijana wa chuo cha sanaa mjini walizipata wapi nyimbo za watu wa mashambani? Swali hili hunihusu kwa kazi yangu, kwa kuwa jibu lake ni maktaba za sauti na watu wenye subira. Kaskazini-mashariki mwa Uskoti, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa shule Gavin Greig na mchungaji James Duncan walikusanya nyimbo zaidi ya 3,000. Walifariki kabla ya kuzichapisha zote. Mkusanyo kamili ulitoka katika juzuu 8, kuanzia 1981 hadi 2002. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha taasisi ya masomo ya Uskoti, na Hamish Henderson akazunguka na kinasa sauti hadi kwenye mahema ya watu wa kuhamahama, ambao jamii iliwadharau. Ndani ya mahema hayo alikuta nyimbo za Child ambazo maprofesa walizihesabu kuwa zimekufa. Mwaka 1953 huko Aberdeen alimrekodi Jeannie Robertson, mama wa nyumbani, aliyekuwa nazo tele kichwani. Vuguvugu la miaka ya 1960 lililowainua The Corries lilikunywa kwenye kisima hicho.

Kutoka pande hizohizo za kaskazini-mashariki ndiko zilikotoka nyimbo za vibarua wa mashamba. Vijana waliajiriwa kwa miezi sita kwenye magulio ya kazi, wakalala pamoja kwenye vibanda vya shambani, na jioni wakaimba kumsema tajiri. The Barnyards o' Delgaty, ambao The Corries waliuimba kwa kasi na ukumbi mzima ukiitikia, una malalamiko ambayo kibarua yeyote atayaelewa: tajiri aliahidi farasi bora kuliko wote wa eneo, na kijana alipofika akakuta ngozi na mifupa. Nyimbo hizi ndizo ambazo umri wake uko karibu zaidi na umri wa kisa chake, kwa sababu aliyelalamika ndiye aliyetunga.

Burns hakosekani katika mkoba wowote wa Kiskoti. Alichangia kwa wingi katika mkusanyo wa nyimbo za Kiskoti wa James Johnson, juzuu 6 zilizotoka kati ya 1787 na 1803, bila kudai malipo, na mara nyingi hakusema wapi panaishia wimbo aliousikia na wapi panaanza mkono wake. Kuhusu Auld Lang Syne, uliochapishwa 1796, mwaka wa kifo chake, alieleza kwamba aliunakili kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akiimba. Huo mahadhi yake yamefika hata kwetu. Waliopitia skauti wanayajua, pengine bila kujua wanaimba ya nani.

Ukichukua santuri yoyote ya nyimbo hizi, geuza jalada usome maandishi madogo. Pembeni ya majina mengi utakuta kifupisho Trad., yaani wimbo wa mapokeo, hauna mwenyewe. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine ina maana kwamba hakuna aliyejishughulisha kutafuta. Ua la Uskoti, hata umati wote ukiamini ni wa mababu, una jina pembeni yake: R. Williamson.

Roy alifariki 12 Agosti 1990, miezi mitano tu baada ya siku ile ya Murrayfield. Uskoti haina wimbo wa taifa uliowekwa kisheria, lakini wimbo huu wa Roy umekuwa ukiimbwa kwenye raga tangu hapo, na kwenye mpira wa miguu tangu 1997. Siku hizi ubeti wa kwanza unasindikizwa na zumari. Katika ubeti unaofuata, zumari hunyamaza, na uwanja wote huumalizia kwa sauti tupu.