Umeumizwa na ng'ombe kazini? Maswali ambayo huwa mnaniuliza

Mimi hushona vidonda kwa kliniki ndogo huku upande wa Dagoretti, Nairobi, karibu na machinjio, na wagonjwa wangu wengi ni wachinjaji, wapakiaji na vijana wa kukama. Haya ndio maswali hunirudia kila wiki.

Fahali alinibana kwa ukuta lakini sioni damu, si ninywe tu dawa ya maumivu nilale?

Usilale, tafadhali. Ng'ombe wa kilo 400 au 500 akikuegemea anaweza kupasua wengu ama ini na damu ivujie ndani pole pole, mtu anaongea vizuri mchana jioni anaanguka. Tumbo likiwa gumu, bega la kushoto likiuma bila sababu, jasho baridi, kizunguzungu, kukojoa damu, pumzi kukatika, hio ni hospitali kubwa saa hio hio. Na kama teke lilipiga kichwa ukaanza kutapika ama kusinzia, vivyo hivyo.

Mashine ya kukata nyasi imetoa kidole, tufanye nini?

Zima mashine kwanza. Kandamiza jeraha na kitambaa safi, mkono uinuliwe juu. Kidole kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kiingie ndani ya glavu safi ifungwe, halafu hio glavu ndio iwekwe juu ya barafu, kidole chenyewe kisiguse barafu, kisitiwe maziwa wala chumvi. Kimbieni Hospitali ya Kenyatta nacho. Na uulize sindano ya pepopunda, juu mavi ya ng'ombe na kidonda si kitu cha kuchezea.

Boss amesema niwaambie hospitalini nilianguka nyumbani, yeye atanisaidia chini ya maji.

Hapa ndio naumia sana. Kuna kijana niliyemshona kiganja, kisu kiliteleza akichuna ngozi, lakini alikuwa ameshaambiwa aseme ni bodaboda, na nikaandika bodaboda kwa sababu ndivyo alivyosema. Miezi ikapita, vidole viwili vikakataa kukunjika, boss akaacha kushika simu, kijana akarudi kuniomba nibadilishe kadi, na siwezi, nikibadilisha nitakuwa nimedanganya pia. Kwa hivyo siku ya kwanza kabisa sema umeumia kazini, wapi, saa ngapi, na mnyama gani ama kifaa gani, halafu ubaki na nakala ya kila karatasi. Gharama ya matibabu ya ajali ya kazi ni ya mwajiri kisheria, sio msaada anaokufanyia.

Mimi ni kibarua tu, sina barua ya kazi.

Sheria ya fidia ya majeraha ya kazi ya 2007, ile watu huita WIBA, haikudai barua, hata makubaliano ya mdomo ni kazi. Weka meseji za M-Pesa za malipo, majina ya wenzako waliokuwa hapo, picha ya mahali. Mkilipwa kwa kila kichwa cha ng'ombe, andika ni nani hasa hukulipa, hapo ndipo ubishi huanzia. Mjulishe boss haraka, yeye naye ana siku 7 za kuripoti kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSHS, na mtu akifa ni saa 24. Asiporipoti nenda mwenyewe, ofisi iko Industrial Area. Madai yasipite miezi 12 tangu ajali.

Nitalipwa ngapi?

Ukikaa nje ya kazi siku 3 ama zaidi unastahili mshahara wako hadi miezi 12. Ukibaki na ulemavu, daktari anatoa asilimia, inapigwa kwa mshahara wa miezi 96. Mfano: mshahara 15,000, ulemavu asilimia 20, ni 288,000. Usipokubaliana na uamuzi una siku 60 za kupinga hapo hapo DOSHS, ukishindwa ndio unaenda korti ya kazi. Mtu akikuambia mruke moja kwa moja mpaka kortini anakupotezea wakati, Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba hio sheria ni halali, kwa hivyo madai huanzia DOSHS.

Sijaumia popote lakini homa inakuja ikienda wiki kadhaa, viungo vinauma, jasho usiku.

Umepimwa malaria na taifodi mara ngapi? Wengi huja wakiwa wamemeza dawa za hizo zote mbili na hawajamwambia mtu kwamba wao hushika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba, mikono mitupu. Inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na hata ugonjwa ukiletwa na kazi una nafasi yake kwa hio sheria. Mwambie daktari kazi yako kabla hajaandika chochote, akupime damu, na akikupa dawa za wiki 6 usiache wiki ya pili eti umepata nguvu, hio homa hurudi.