Lengo Kubwa Hufia Wapi: Zana za Kupanga Utekelezaji na Kazi ya Kila Moja

Kila mwisho wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, vikao vya ukoo hufanyika na maazimio mazito hupitishwa: nyumba ya bibi imalizwe, kihamba, yaani shamba la ukoo, kipandwe kahawa mpya, mtoto wa fulani apelekwe chuo. Maazimio hayo ni ya dhati, na mara nyingi hata fedha ya kuanzia huchangwa papo hapo. Kinachokosekana ni kazi ya katikati, ile ya kulitoa azimio kwenye kikao na kulifikisha kwenye Jumanne fulani asubuhi ambapo mtu anayejulikana anaamka na kufanya jambo linalojulikana. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha hapa Moshi, na mara mojamoja Arusha, ambako mashirika huniita kuwezesha warsha za mpango kazi.

Kwa kuzizoea zana za kupanga nimefikia msimamo mmoja, nao ni kwamba kila zana maarufu ilibuniwa kujibu swali moja tu. Mtu huichukua zana akidhani itamjibia yote, ikamshinda, akaitupa na kutafuta nyingine mpya, ilhali tatizo lilikuwa kuiuliza swali lisilo lake. Maswali yenyewe ni manne: nifanye nini, kipi kitangulie, kitachukua muda gani, na siku ikifika ni nini kitakachonifanya nianze. Nitayapitia nikitumia mpango wa mama mmoja wa Old Moshi, aliyeniruhusu kuueleza bila kumtaja jina. Mama huyu amekuwa akipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi cha ushirika miaka yote, na sasa anataka kuikaanga mwenyewe, kuifungasha kwa jina lake na kuiuzia hoteli za Moshi na Arusha, akianza na msimu wa watalii unaofunguka mwezi Juni.

Kuhusu namna ya kuandika lengo lenyewe sitakaa sana. Sifa tano za lengo zuri, zinazofupishwa kwa Kiingereza SMART, ambazo kila mwezeshaji huziandika ubaoni, zilichapishwa na George Doran mwaka 1981 katika jarida moja la menejimenti la Marekani. Wengi hawajui kwamba katika orodha yake sifa ya tatu ilihusu mtu, yaani lengo liwe na wa kukabidhiwa. Baadaye wakufunzi waliibadilisha wakaifanya iseme kwamba lengo liwe linafikika, na kwa maoni yangu tulipoteza zaidi kuliko tulivyopata. Bango kitita la halmashauri, yaani jedwali lake la mpango kazi, pamoja na urasimu wake wote, angalau limebakiza safu ya mhusika, ingawa safu hiyo hujazwa maneno "wadau wote", ambayo tafsiri yake halisi ni kwamba hakuna mtu.

Swali la kwanza, la nifanye nini, hujibiwa vizuri na mchoro wa miraba 81, ambao asili yake ni Japani. Unachora miraba tisa kwa tisa kwenye karatasi ya manila na kuandika lengo katikati kabisa. Miraba minane inayolizunguka unaijaza mambo manane ambayo lengo haliwezi kusimama bila hayo. Kila moja kati ya hayo manane linahamishiwa katikati ya kundi lake la miraba tisa, nalo linazungushiwa vitendo vinane, hivyo mwishowe unapata vitendo 64. Mchoro huu ulipata umaarufu kupitia Shohei Ohtani, mchezaji wa besiboli, aliyeujaza akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Hanamaki Higashi. Katikati aliandika kwamba timu nane za ligi kuu ya Japani zimchague wa kwanza katika usajili wa wachezaji wapya. Miongoni mwa mambo yake manane kulikuwa na kurusha mpira kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na kulikuwa pia na bahati, ambayo aliizungushia vitendo kama kuokota takataka, kusalimia watu na kutunza vifaa vyake.

Ninaupenda mfano huo kwa sababu ambayo wanaousimulia huiruka. Kasi ya kilomita 160 aliifikia mwaka 2012, akiwa bado sekondari. Lengo la katikati halikutimia: mwaka huohuo alitangaza kwamba anataka kwenda Marekani, na timu iliyomchagua ikawa moja tu, Hokkaido Nippon-Ham Fighters. Hata hivyo hakuna aliyeona kwamba kazi yake ilipotea, kwa kuwa vitendo vilivyoizunguka shabaha vilikuwa vimeshamjenga. Mtu anayeogopa kuandika lengo kubwa kwa hofu ya kuaibika lisipotimia angepaswa kuanza kwa kuutazama mchoro huo.

Mama wa Old Moshi aliandika mambo yake manane: kahawa ghafi, kukaanga, vifungashio, vibali, mtaji, wateja, usafirishaji, na nyumbani. Hilo la mwisho lilikuwa wazo lake mwenyewe, kwa sababu analea wajukuu na alijua kwamba asipolipangia, ndilo litakalomrudisha nyuma. Alipofika kwenye vitendo, mkono ukaanza kuandika lugha ya warsha: kutafuta masoko, kuboresha ubora, kufuatilia TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Kila mraba wa namna hiyo ninaupima kwa swali moja, kama jirani akichungulia dirishani anaweza kusema kwamba jambo hilo limefanyika au halijafanyika. "Kutafuta masoko" kukafutwa kwa penseli na mahali pake pakaandikwa "kumwachia mpishi mkuu wa hoteli tatu za Shanty Town pakiti ya gramu 250 na kurudi kuuliza baada ya wiki". Kwenye kundi la nyumbani aliandika "Jumamosi wajukuu washinde kwa shangazi yao", na nadhani mraba huo ulikuwa bora kuliko yote kwenye karatasi ile. Kujaza vitendo sitini na vinne huchosha, na uchovu huo ndio faida yake. Vitendo ishirini vya kwanza kila mtu anavijua, na vile vinavyoamua mambo huibuka mtu anapolazimika kufikiri tena.

Mchoro ukishajaa, watu huubandika ukutani na kungoja matokeo, wakati haujasema chochote kuhusu kipi kitangulie, kwani vitendo 64 vimekaa sawasawa kana kwamba vyote vingeweza kuanza kesho. Swali hilo la pili lilipata jibu lake bora viwandani. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali, wakaonyesha kwamba urefu wa mradi huamuliwa na mlolongo mmoja, ule mrefu kuliko yote wa kazi zinazotegemeana. Siku moja ikichelewa ndani ya mlolongo huo, mradi mzima umechelewa siku moja, ilhali kazi zilizo nje yake zina nafasi ya kusubiri. Kwa miradi midogo huhitaji programu ya kompyuta. Unaanzia tarehe ya mwisho na kurudi nyuma, ukiuliza kila hatua: kabla ya hili, ni lipi lazima liwe limekwisha?

Tulianzia Juni. Hoteli kubwa haitaki kahawa isiyo na alama ya ubora ya TBS. Alama haitolewi kabla ya mahali pa uzalishaji kukaguliwa na sampuli kupimwa, na mahali hapawezi kukaguliwa kabla ya chumba kuwa na sakafu, dari, maji na hewa inayopita. Vifungashio vyenye alama haviwezi kwenda kwa mchapaji kabla ya leseni yake kutoka. Mlolongo ulipokamilika, chanzo chake kilikuwa fundi wa sakafu, ambaye kwenye mawazo ya mama alikuwa wa mwisho. Alikuwa akijiandaa kuchukua mkopo wa SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, anunue mashine ya kukaangia kwanza, na marejesho yangeanza kudaiwa mashine ikiwa imefunikwa turubai kwenye chumba cha vumbi. Mjukuu wake mkubwa naye alikuwa ameanza na ukurasa wa Instagram, kazi ambayo ingeweza kusubiri miezi bila kumdhuru mtu.

Mlolongo wa pili ulikuwa wa kahawa yenyewe, na huo hausikilizi ofisi yoyote. Mavuno ya Kilimanjaro huanza karibu na Julai na kuendelea hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Kahawa itakayokaangwa Mei lazima iwe imetengwa wakati wa mavuno, na kibali cha Bodi ya Kahawa Tanzania kiwe kimefuatiliwa mapema. Akiipeleka yote chama cha msingi kama alivyozoea, atafika Juni na vibali vyote mkononi bila mbegu ya kukaanga. Mipango mingi ya wakulima ninayoiona huvunjika hapahapa, kwa sababu mpangaji ameyaandika mambo ya ofisi na mambo ya shamba kwenye kalenda moja kana kwamba yote yanaweza kuahirishwa. Nusu ya pili ya Desemba tuliifuta kabisa, kwa kuwa nyumba itajaa wageni na hakuna fundi wa Moshi atakayeshika mwiko.

Kuhusu muda, ambalo ni swali la tatu, binadamu hatuaminiki. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza mwelekeo huu mwaka 1979: mtu anayekadiria kazi yake huitazama kazi hiyo tu, bila kutazama kazi nyingine za aina hiyo zilikwendaje. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi wa chuo kikuu walitakiwa kukadiria siku za kumaliza tasnifu zao. Kwa wastani walisema takriban siku 34, na walipoulizwa mambo yakienda vibaya kabisa itakuwaje, walisema siku 49. Walitumia takriban siku 55. Makadirio yao ya balaa yalikuwa mafupi kuliko hali halisi.

Kwa hiyo simuulizi mtu chumba chake kitachukua muda gani. Namuuliza cha jirani kilichukua muda gani tangu msingi hadi kufuli, na jibu hilo ndilo ninaloliandika. Mama alipinga akisema jirani yake alikuwa mzembe. Nikamwambia, "Sawa mama, basi tuchukue wa watu watatu unaowafahamu." Baada ya kuwataja alinyamaza kidogo, kisha mwenyewe akasogeza tarehe ya fundi nyuma, akaiweka kabla ya Novemba.

Swali la nne ndilo linalodharauliwa zaidi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ametumia miaka mingi kuonyesha tofauti kati ya kukusudia jambo na kuamua mapema ni wakati gani na mahali gani litaanza, kwa sentensi yenye sura ya "ikiwa hivi, basi nitafanya vile". Katika jaribio moja wanafunzi walitakiwa kuandika ripoti fupi wakati wa sikukuu ya Krismasi. Kati ya waliotaja kabla muda na mahali watakapoiandikia, takriban robo tatu waliimaliza, na kati ya wasiotaja ni takriban theluthi moja tu. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya aina hiyo na kukuta kwamba athari yake ni ya kati hadi kubwa, jambo lisilo la kawaida kwa zana isiyogharimu chochote. Inavyoelekea, sentensi hiyo huyakabidhi mazingira kazi ya kukukumbusha, hivyo hutegemei tena ari ya siku hiyo.

Sentensi za mama zilifungwa kwenye mambo anayoyafanya tayari. "Nikishamaliza kuuza ndizi Jumanne sokoni Mbuyuni, kabla sijapanda daladala, nitapita SIDO," yaani shirika la kuhudumia viwanda vidogo. "Afisa akiniambia nirudi kesho, nitamwomba namba ya jalada na jina la atakayekuwepo kesho." Hiyo ya pili ina thamani kubwa zaidi, kwa sababu imekipangia kikwazo. Mtu aliyepanga njia nyeupe tu huvunjika moyo kwenye dirisha la kwanza lililofungwa, na madirisha yaliyofungwa tunayo mengi. Asichopaswa kufanya ni kuandika sentensi hizo kwa vitendo vyote 64, kwani zikizidi hakuna inayokumbukwa. Naziandika kwa kazi zilizo kwenye mlolongo mkuu pekee.

Kabla ya kufunga karatasi huwa naongeza zoezi lililoelezwa na mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Wahusika wote wanaambiwa wachukulie kwamba mwaka umepita na mradi umekufa, kisha kila mmoja anaandika peke yake umekufa kwa nini. Mara ya kwanza watu hukataa wakisema nawachuria, na mimi huwaacha waseme dua kwanza kama wanapenda. Zoezi hili linafaa sana kwetu, ambako mdogo hawezi kumpinga mkubwa kikaoni, maana hapa hapingi mtu, anaeleza tu kifo ambacho wote wamekubali kwamba kimetokea. Binti wa mama yule, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tuanze, aliandika hivi: "Mama aliwapa ndugu kahawa kwa mkopo." Papo hapo tukatunga sentensi nyingine: ndugu akiomba pakiti kwa mkopo, ataelekezwa kwa binti, ambaye ndiye mwenye daftari.

Mapitio ni ya Jumapili baada ya ibada, nusu saa, mama na binti peke yao. Wanaangalia mlolongo mkuu tu: kazi gani ilipaswa kuisha, imeisha au la, na isipoisha tarehe zote zilizo mbele yake zinasogezwa siku hiyohiyo kwa penseli, bila kusubiri zijirekebishe zenyewe. Mchoro wa miraba 81 unabaki kabatini na unatolewa mara moja kila baada ya miezi mitatu, ili mraba ambao haujaguswa upewe mtu mwingine au ufutwe.